Mimi Ndiye Niliyechagua Loiyangalani

Kama kuna mtu hapa Takaba bado anauliza nani aliyetupeleka Loiyangalani kutafuta sangara wa kupiga naye picha, ilhali Uganda ipo, jibu ni mimi. Si mwalimu wa hisabati, ambaye amebebeshwa lawama hotelini kwa sababu tu ndiye aliyekusanya pesa. Si mwenye gari. Mimi ndiye niliyechagua mahali na wakati, na nilichagua vibaya huku ushauri mzuri ninao mkononi.

Takaba si mji wa kuota samaki. Maji yetu ni ya visima vya mashine, ya silanga zinazojaa mvua ikinyesha kisha zikageuka matope, na kiangazi kikikaza ni ya boza linaloletwa na serikali. Mto wenye jina ni Daua, kule mpakani na Ethiopia upande wa Rhamu, nao una misimu ya kukatika. Dukani samaki ni wa aina moja: jodari wa kopo, anayemwagwa juu ya pasta. Mimi nilizaliwa Gazi, kusini ya Mombasa, baba yangu akiwa mvuvi, na kazi ya afya ndiyo iliyonileta huku. Watu wa hapa huniita daktari ingawa mimi ni ofisa wa kliniki tu. Nadhani nilichokosa kwa miaka hiyo hakikuwa samaki. Nilikosa kusimama juu ya kitu kinachoyumba.

Usiku, mtandao ukitulia, nilitazama video za Kanada. Wanaume hupakiwa kwenye kindege chenye maboya badala ya magurudumu, wakateremshwa juu ya ziwa fulani la Manitoba au Saskatchewan kusikofika barabara, wakavua paiki. Huyo ni samaki mrefu mwenye mdomo bapa na meno mengi, anayejificha kwenye majani ya maji akingoja apitiwe na windo. Kila video ilikuwa na hoja ileile: ukienda mbali zaidi utapata mkubwa zaidi. Hoja hiyo ilinikaa kichwani hata sikuiona tena kuwa ni hoja. Niliiona kuwa ni sheria ya maumbile.

Kule ina sababu zake. Maji ni baridi, barafu hufunika ziwa kwa miezi mingi, paiki hukua polepole, na yule mkubwa huwa ni jike aliyeishi miaka mingi. Akiuawa, pengo lake halizibiki upesi. Kwa hiyo ziwa lisilofikiwa na watu hubaki na wakubwa wake. Lakini hata paiki hawaitii sheria hiyo kila mara, na hilo ningelijua kama ningesoma badala ya kutazama. Paiki anayeshikilia rekodi ya dunia, mwenye kilo 25, hakuvuliwa Kanada. Alivuliwa mwaka 1986 katika ziwa la Grefeern, Ujerumani, nchi iliyojaa vijiji, barabara na wavuvi wenye vibali.

Sangara naye ni vilevile. Yule wa rekodi ya ndoana, wa zaidi ya kilo 100, alitoka Ziwa Nasser la Misri mwaka 2000, ziwa lililotokana na bwawa la Aswan. Na anayetaka sangara mkubwa Afrika Mashariki hana haja ya kupiga ramli: aende Murchison, Uganda. Mto Nile unajipenyeza katika mwanya wa mita 7 hivi, ukaporomoka zaidi ya mita 40, na chini yake maji yanachafuka povu na kujaa hewa. Sangara hapendi maji yaliyokosa hewa. Pale anaipata ya kutosha, na samaki wadogo wanaoshuka na maporomoko humfikia wakiwa wamezubaa. Mvuvi husimama kwenye mwamba. Ni hifadhi ya taifa, ina askari, waongozaji na bei zinazojulikana.

Haya niliyajua, na yaliniudhi. Niliona ni rahisi mno. Mahali penye bei zinazojulikana hapana la kusimulia.

Kisha nikakutana na picha ya zamani isiyo na rangi: Mzungu wa kaptula kando ya sangara aliyetundikwa, mkia unakaribia kugusa chini. Maelezo yalisema Ziwa Rudolf. Hilo ndilo jina ambalo Teleki na von Höhnel walilipa Ziwa Turkana walipolifikia mwaka 1888, na likaachwa mwaka 1975. Maana yake nilikuwa nachagua mahali pa kwenda kwa kutumia picha iliyonizidi umri. Hesabu hiyo niliiona, nikaipita.

Nilimfahamu mwuguzi mmoja aliyewahi kufanya kazi Loiyangalani. Nikamwandikia, akanijibu kwa sauti, maneno mengi yaliyopangika. Alisema hivi, kwa kifupi: Kaka, likizo hiyo yenu msije. Upepo wa huku hauendi likizo. Ziwa limepanda, ghuba ya kwenye picha yako si ile tena. Kama mnataka samaki wa picha nendeni Murchison. Kama ni lazima iwe Turkana, basi nendeni upande wa pili, Kalokol, muongee na wavuvi wenyewe kabla ya kupanga tarehe, na hizo tarehe wapange wao.

Niliusikiliza ujumbe ule mpaka mwisho, kisha nikaufuta. Wenzangu nikawaambia: "Nimeshauliza. Kuko sawa."

Kwa nini? Nimejiuliza sana, na jibu si zuri. Nilikuwa nimeshalitamka jina la Loiyangalani mbele ya watu, nikaona macho yao. Mtu anayetoka Takaba kwenda Loiyangalani kuvua ni mtu wa kuzungumzwa. Anayekwenda Murchison ni mtalii kama watalii wengine. Basi nikalinda jina, nikauza wenzangu.

Kuna aibu nyingine ndani ya hiyo, na watu wa Gazi ndio watakaoielewa. Mtoto wa mvuvi wa pwani haulizi kwanza samaki wako wapi, huuliza upepo. Tumekua tukijua kusi ina miezi yake na kaskazi ina yake, matlai huanza saa ngapi, na siku gani mzee atatazama mbinguni kisha arudishe kafi ndani bila kusema neno. Mimi nilipanga safari ya majini kwa kalenda ya likizo ya shule.

Tulipokutana kupanga, mwenye gari aliuliza maswali mawili. Yeye ni Mgarre wa hapahapa, mtu wa ngamia, na mchango wake ulitokana na ngamia dume aliyemuuza sokoni. Swali la kwanza: "Daktari, huko kuna maji ya kunywa?" Nikafanya mzaha, nikasema kuna ziwa zima. Ukweli ni kwamba Turkana haina pa kutokea. Mto Omo wa Ethiopia huingiza sehemu kubwa kabisa ya maji yake, jua huyafyonza, magadi hubaki. Ni maji unayoweza kuyanywa ukibanwa, ila tumbo litakukumbusha. Swali la pili: "Na huyo samaki mkubwa ukimpata, nani atamla?" Nikamweleza kwamba kwa ustaarabu wa uvuvi wa aina hii samaki hupigwa picha, akaachiliwa. Alinyamaza, akamimina chai, akasema, "Kwa hiyo tunaenda kumsumbua."

Mwalimu alicheka sana. Mimi nilicheka kidogo.

Barabara sitaisimulia. Vumbi la Dandu hadi Moyale, lami nzuri hadi Marsabit, halafu mawe meusi ya volkeno yaliyotula magurudumu mpaka ziwani. Ziwa lenyewe lilipotokea mbele yetu, kijani katikati ya weusi ule, hakuna aliyesema neno, na kwa muda huo mfupi nilijiona nimechagua vyema.

Upepo ulianza usiku. Hema halikufaa kitu. Tulilala garini, na gari likawa linatikisika. Asubuhi ziwa lote lilikuwa jeupe kwa mawimbi. Kusini-mashariki ya pale, kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, kuna mitambo 365 ya umeme wa upepo, yenye uwezo wa megawati zipatazo 310, iliyounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Habari zake zilikuwa magazetini kwa miaka. Hakuna mtu anayesimika mitambo 365 mahali pasipo na upepo, na mimi nilikuwa nimesoma habari hizo. Hewa hubanwa katika uwazi ulio kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ikatoka kwa nguvu, hasa usiku na asubuhi. Baadaye nilijifunza kwamba ni upepo huohuo unaoyakoroga maji ya Turkana na kuyafikishia hewa hadi chini, ndiyo maana sangara wanaishi humo. Kumtaka samaki yule bila upepo ule ni kutaka nyumba isiyo na msingi.

Wenyeji wa ufuo ule ni Waelmolo, jamii ndogo iliyoishi kwa samaki tangu zamani, enzi za mashua za magogo ya mkoma na nyavu zilizosokotwa kwa nyuzi za mti huohuo. Ziwa lililopanda katika miaka hii ya karibuni limewaumiza hasa. Komote, kijiji chao, kimegeuka kisiwa. Makaburi yao yamefunikwa na maji, na bomba lililowaletea maji matamu limezama. Mimi nilikuja na fimbo ya kuvulia yenye rili inayong'aa, nikauliza wakubwa wako wapi.

Hapo ndipo kosa langu lilipojionyesha waziwazi, na nilikuwa na sababu zote za kulitambua mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Watu wa Nairobi huiita Takaba mwisho wa dunia. Mwalimu akipangiwa huku, jamaa zake humlilia. Sisi tunaoishi hapa tunajua kwamba hapa ni katikati: kuna soko, kuna harusi, kuna kesi za malisho, kila kisima kina mwenyewe na kila njia ya ngamia inajulikana. Nami nikafanyia Loiyangalani kile nisichopenda kufanyiwa. Niliposema "mbali" nilimaanisha mbali na mimi, nikadhani na samaki nao wako mbali na kila mtu. Lakini nyavu zinategwa pale kila jioni. Samaki wa Turkana hukaushwa kwa jua na chumvi, na malori ya upande wa Kalokol huwapeleka Kitale na Kisumu, wengine wakavuka Busia kuelekea Kongo. Hoja ya paiki ni hoja ya maji baridi yasiyo na watu. Niliihamishia kwenye ziwa la joto lenye wenyewe.

Nilijifariji kidogo kwa kukumbuka kwamba si mimi wa kwanza. Huko Kalokol kuna kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norwe, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha samaki katika joto lile kulidai umeme na maji safi kwa gharama ambayo samaki wasingeweza kuilipa. Kiliendeshwa kwa muda mfupi mno, kikafungwa, na baadaye Ghuba ya Ferguson yenyewe ikakauka kwa kipindi. Nao walikuja na fikra ya nchi ya baridi. Ila wao walipoteza fedha za serikali yao. Mimi nilikuwa nimepoteza ngamia wa mtu.

Mzee mwenye boti alitwambia tungoje jua lipinduke, upepo ungepungua. Tulipongoja, mchana ulikuwa na saa chache tu za utulivu, na katika saa hizo tulirusha ndoana karibu na miamba tukapata samaki wadogo ambao mwalimu aliwafurahia na mimi niliwadharau. Likizo ikawa inakatika. Asubuhi moja nikaacha kumsikiliza mzee, nikamfuata kijana wa boti nyingine ya faiba, nikampa bei ambayo kijana hawezi kuikataa. Mwenye gari hajui kuogelea. Jaketi za uokoaji hazikuwapo. Mamba wamo ziwani, kila mtu anajua. Nilimwambia apande, naye akapanda, kwa sababu nilikuwa nimesema kuko sawa.

Tulikuwa tukirambaza, chambo nyuma ya boti, kijana akipambana na mawimbi ya ubavuni, mwenye gari ameshika mbao kwa mikono miwili akisoma dua bila kusita. Niliona mwamba ambao moyo wangu uliniambia una samaki, nikamwamuru kijana akate kona. Alisema kuna nyavu. Nikasema pita tu, haraka. Rafadha ikauma wavu, injini ikazima, mawimbi yakatuzungusha. Mwalimu na kijana walikata kamba kwa kisu, wakiuvuta wavu ndani vipande vipande. Na ndani ya vipande vile alikuwamo sangara, si wa rekodi hata kidogo, lakini alinifika kiunoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote tuliowaona safari nzima, na alikuwa amevuliwa na mtu mwingine, usiku, sisi tukilala garini.

Mwenye wavu alikuwa mama mmoja aliyetungojea ufuoni. Hakupiga kelele. Aliutandaza wavu juu ya mawe akaanza kutazama matundu. Nami, badala ya kuomba radhi, nikaanza kubishana. Nilisema vielea vyake, zile chupa za mafuta ya kupikia, havikuonekana kwenye mawimbi. Nilisema wavu haukuwa na alama. Nilisema, Mungu anisamehe, kwamba njia ya boti ni ya wote. Nilizungumza kama wakili, na kijana wa boti akawa anatafsiri nusu tu ya maneno yangu, kwa heshima yake.

Mwenye gari alikuwa bado anatetemeka. Alitoa pesa, akahesabu, akampa mama yule bei aliyoitaja bila kupunguza. Aliponigeukia alisema, "Kwetu ngamia wa mtu ukimvunja mguu, huulizi kama alikuwa amevaa kengele."

Ungedhani mtu aliyeambiwa hivyo angekaa kimya. Mimi nilimwomba mama yule nimshike samaki wake nipigwe picha. Alikubali, hata akacheka. Mwalimu akapiga. Nikaikata picha pembeni ili wavu usionekane, na tulipofika penye mtandao nikaituma kwenye kundi letu la wafanyakazi na neno moja: "Hatimaye." Nilijiambia kwamba neno hilo si uongo.

Picha ile ndiyo mliyoiona, ninyi mlionipa jina la Bwana Sangara. Ndiyo iliyobandikwa ukutani ofisini na mtu mwenye nia njema. Wenzangu wawili waliijua siri na hawakunitia aibu, kila mmoja kwa sababu yake. Mwalimu hapendi ugomvi. Mwenye gari alisema tu kwamba jambo la kuungama huungamwa na mwenyewe.

Nisingeandika haya, nakiri, kama mambo yangeishia kwenye kicheko. Lakini sasa kuna kikundi kinachotaka kwenda Loiyangalani likizo ijayo kwa ushauri wangu, na miongoni mwao kuna mtu anayetaka kumchukua mwanawe. Kwao nasema: msinisikilize mimi, na picha ile iondoeni ukutani. Kama mnamtaka sangara mkubwa, kodini mwongozaji Murchison na mlipe kibali kinachotakiwa. Kama mnalitaka Ziwa Turkana, na lina haki ya kutakwa, basi pigieni simu kamati ya wavuvi ya ufuo kwanza, waulizeni upepo, mkubali wawaambie msije. Bebeni maji. Nunueni jaketi za uokoaji kabla ya kununua ndoana. Samaki mtakayempata msimchezee na kumrudisha majini nusu mfu mbele ya watu wanaomla. Mkabidhini kwa mwenye boti.

Hela ya ngamia ninailipa kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi. Mwenye gari huipokea bila kuihesabu, jambo ambalo ni gumu kwangu kuliko kama angeihesabu.

Na yule mwuguzi nimemwandikia. Nilimweleza kwamba ujumbe wake niliusikiliza wote, nikaufuta, nikadanganya watu kwa jina lake. Nilitarajia anikaripie. Aliuliza tu kama mwenye wavu alilipwa. Nikamjibu kwamba alilipwa, ila si na mimi.